Masikini wa leo iko na jembe mkononi



Zamani kijijini masikini alijulikana. Alikuwa mjane asiye na watoto wa kumlimia, mzee aliyebaki peke yake, mgonjwa wa siku nyingi, ao mtoto aliyefiwa na wazazi. Watu walimpelekea kitunga cha viazi ao fungu la sombe, na hakuna aliyeandika jina lake kwenye listi.

Leo, siku ya kugawa chakula, tuangalie mikono ya wale wanaosimama kwenye mlolongo na jeto yao. Ni mikono yenye sugu ya jembe. Wengi kati yao wako na nguvu, wanajua kulima kuliko agronome anayeandika habari hii, na wengine wako na shamba kabisa. Shamba iko. Nguvu iko. Njia ya kufika kule njo haiko, ao mbegu haiko, ao shamba ni ya mtu mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, FAO na PAM walitangaza kwamba watu karibu milioni 28 katika Congo wako na njaa kali, hesabu ambayo haijapata kuonekana mbele. Na hii ni nchi inayosemwa kuwa na hektari milioni 80 za udongo wa kulima, ambazo sehemu ndogo tu ndiyo inalimwa. Mtu akiweka hizo namba mbili pamoja anafikiri kwamba wakulima wa Congo ni wavivu. Nimesikia hata watu wenye masomo wakisema hivyo. Habari hii inaandikwa kwa kuonyesha kwamba hesabu haiendi vile, na kwamba koperative iko na kazi yake ndani ya jambo hili, kazi ambayo mara nyingi tunaiachia ONG.

Kutoka bwaki mpaka jeto

Hapa Kivu ya Kusini, njaa ya kwanza iliyosomwa na wanganga ilikuwa na jina letu: bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, hana furaha. Kule Lwiro watafiti waliisoma tangu wakati wa Wabelgiji, na katika miaka ya 1960 kulikuwa na komite Bukavu iliyoitwa Comité Anti-Bwaki kwa ajili ya kupigana nayo. Wakati ule watu walikuwa na muhogo na ndizi vya kushiba, lakini maharagi, maziwa na samaki vilikuwa haba katika sahani ya mtoto. Tumbo lilijaa, mwili ukakosa. Dawa yake ilikuwa maziwa ya unga, soja, na mafundisho kwa wa mama.

Kisha ikaja mwaka 1994. Mwezi wa 7, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda, na kambi zikajengwa Mugunga, Kibumba na Katale upande wa Goma, Kashusha na Inera upande wa Bukavu. Hapo ndipo wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza magari mengi ya mahindi, unga na mafuta ya kopo. Chakula kile kilikuwa cha wageni. Mwenye nchi alikuwa na shamba yake. Mifuko mitupu ilibaki kwetu, tukaanikia muhogo juu yake, na mingine ingali inafanya kazi.

Vita vya 1996 na vile vilivyofuata vikageuza mambo. Ng'ombe na mbuzi wakaporwa, na pamoja nao mbolea. Katika miaka ya 2000 mozaiki ikaharibu muhogo kila upande. Mkulima aliyekuwa anawahurumia wakimbizi akajikuta yeye mwenyewe kwenye listi. Tangu wakati ule msaada wa chakula haukutoka tena katika Kivu. Ulihama tu, kutoka kijiji kimoja kwenda kingine, kutoka Masisi kwenda Kalehe, kutoka Kalehe kwenda Fizi, kwa kufuata vita na maji.

Namna ya kusaidia pia ilibadilika. Kwanza gunia, kisha kuponi za kununua vitu sokoni, kisha pesa kwenye simu. Kwa wakulima pesa ilikuwa afazali, na ninasema hivyo bila kusitasita: gunia la mahindi kutoka ngambo linashindana na mahindi yetu, lakini mama aliye na pesa anakuja kununua maharagi kwetu. Lakini mwanzoni mwa 2025 benki zikafungwa Goma na Bukavu, noti zikakuwa haba, na kutoa pesa kwenye simu kukawa na bei yake. Mwaka uleule Marekani, iliyokuwa inatoa sehemu kubwa zaidi ya msaada katika Congo, ikasimamisha programu zake nyingi. Mwaka 2024 peke yake, karibu nusu ya pesa zote za PAM duniani zilitoka katika nchi ile moja. Mnaweza kupima ninyi wenyewe kinachobaki.

Shamba ni ya nani?

Kwenye institut walitufundisha kupima rutuba ya udongo, kupanga mistari, kuhesabu mimea kwa hektari. Hakuna somo lililotufundisha kuuliza swali la kwanza ambalo kila mama wa Bushi anajua: shamba hii ni ya nani?

Kwa desturi ya Bushi, mtu aliyepewa shamba kwa kalinzi, kwa kutoa ng'ombe kwa mwami ao kwa shefu, alikuwa na haki ya kukaa na kuachia watoto wake. Aliyepata kwa bwasa amekodi tu kwa msimu ao mwaka. Upande wa Kalehe kuna pia ile inayoitwa salongo: unafanya kazi siku fulani za juma kwa mwenye shamba kubwa, naye anakuachia kipande cha kulima. Watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa kati ya watoto mpaka kipande kimekuwa kama kiwanja cha nyumba, na mashamba makubwa ya zamani ya chai, kina na kahawa yameishia mikononi mwa watu wachache. Basi wanaolima kwa bwasa na salongo wamekuwa wengi, na juu yao wameongezeka wakimbizi wa ndani, ambao wengi wanakodi.

Angalieni sasa jambo hili lina maana gani kwa udongo. Anayelima kwa bwasa haruhusiwi kupanda ndizi, kahawa wala muti wowote, kwa sababu ndizi ni kama hati: aliyeipanda anaweza kusema kesho shamba ni yake. Kwa hiyo anapanda maharagi, mahindi, viazi, vitu vya miezi mitatu ao mine. Hawezi kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko kwa shamba atakayoiacha mwezi wa 6. Hatatia mbolea ambayo atakayeivuna ni mwingine. Udongo unachoka, mavuno yanashuka, lakini bei ya kukodi haishuki. Wataalamu wanakuja kutufundisha kuhifadhi udongo, na tunapiga makofi, halafu kila mtu anarudi kwenye shamba isiyo yake.

Muhogo nao uko na mashaka yake. Ni chakula cha wakati wa vita, kwani unakaa chini ya udongo mwaka mzima na zaidi, na mwizi hawezi kubeba shamba yote usiku moja. Lakini ni chakula cha mtu anayejua atakuwa pale mwaka ujao. Anayekimbia anaweza kufunga kilo tatu za maharagi katika kitenge. Vipande vya kupanda muhogo, elfu 10 kwa hektari moja ukipanda kwa metre moja kila upande, hawezi kuvibeba, na hata akivibeba vitakauka njiani. Ndiyo maana jamaa ikikimbia mara mbili, mara tatu, inapoteza kwanza muhogo, kisha inabaki na maharagi, kisha hata maharagi ya mbegu yanaliwa. Hapo ndipo mkulima anakuwa masikini wa namna ile mpya.

Na si vita peke yake. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, mvua kubwa ilishuka juu ya Kalehe, mito ikatoka kwenye njia yake, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vikabebwa. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa na wengi hawakuonekana tena. Misaada ilikuja, na ilitakiwa ije. Lakini shamba iliyofunikwa na mawe na matope hairudi kwa mfuko wa unga. Aliyekuwa na shamba kando ya mto aliamka mpangaji, kwa siku moja.

Hesabu ya kilo 150

Tufanye hesabu moja pamoja. Ni mfano, kila koperative iweke namba zake.

Jamaa ya watu 7 inakodi ari 20. Inapanda maharagi mafupi, kilo 14 za mbegu. Msimu ukienda muzuri, bila mbolea, inavuna kilo 150 hivi. Mbegu ilikopwa kwa jirani ao kwa muchuuzi, na desturi ya deni ile ni kurudisha mara mbili: kilo 28 zinatoka, zinabaki 122. Mwenye shamba anachukua sehemu moja katika tatu ya mavuno, yaani kilo 50: zinabaki 72. Masomo ya msingi hayalipishwi tangu 2019, lakini kuna mtoto wa sekondari, kuna sabuni, chumvi, dawa. Wanauza kilo 30, na wanauza kwenye mavuno, wakati Guigoz ya maharagi iko na bei ya chini kabisa. Zinabaki kilo 42.

Jamaa ile inapika kilo moja na nusu kwa siku. Kilo 42 ni siku 28.

Siku 28, na hatujaweka bado mbegu. Wakiweka kilo 14 za mbegu, watakula siku 18 ao 19. Hii ndiyo jamaa inayoulizwa kwa nini inasimama kwenye mlolongo wa msaada nayo imetoka tu kuvuna. Mwezi wa 9 mvua ikianguka, hawana mbegu, wanaenda tena kukopa kilo 14 kwa kurudisha 28. Na wakati ule wa kulima, badala ya kulima shamba yao mapema, baba na mama wanaenda kulimia watu ili wapate chakula cha siku ile. Shamba yao inapandwa nyuma, mvua ya kwanza imekwisha pita, mavuno yanafika 100 pahali pa 150. Hapo hesabu yote tuliyofanya juu inavunjika.

Ninyi mnaona ni wapi jamaa ile inaumia zaidi. Mavuno ni madogo, ndiyo. Lakini deni la mbegu, ambalo ni kilo 14 za kuongeza juu ya 14, linakula siku 9 za chakula. Na kuuza kwenye mavuno kunakula siku zingine. Hayo mawili hayahitaji mvua wala mbolea ili yarekebishwe. Yanahitaji watu wanaoaminiana na depo isiyovuja.

Msaada unafika siku gani?

Kuna wanaosema msaada umefanya watu kuwa wavivu. Kipimo kinachofuatwa, kwa wastani wa kila mtu, mkubwa na mdogo, ni kalori 2100 kwa siku. Unga peke yake, kwa gramu 400 kwa mtu, jamaa ya watu 7 inahitaji kilo 84 kwa mwezi. Pesa zikikosa, wanatoa nusu: kilo 42. Mara nyingine mwezi unaruka. Hakuna mtu anayeacha shamba yake kwa nusu ya chakula isiyo na tarehe. Aliyeacha shamba amefukuzwa.

Malalamiko yangu juu ya msaada ni mengine, nayo ni juu ya tarehe. Chakula kikifika mwezi wa 1, wakati maharagi ya msimu A yanatoka shambani, bei yetu inaanguka na aliyelima anaazibiwa. Chakula kilekile kikifika mwezi wa 9 na wa 10, kinafanya kazi mbili: jamaa inakula, na mbegu inabaki mbegu. Mashirika yanajua jambo hili. Ndiyo maana wakati mwingine wanagawa mbegu pamoja na chakula cha kuilinda, ili mtu asipike kile alichopewa kupanda. Lakini mbegu zenyewe mara nyingi zinafika nyuma. Mbegu ya maharagi inayofika mwezi wa 11, wakati mvua imekwisha kwenda mbali, ni chakula. Watu wanaipika, na wana haki, mradi haikutiwa dawa. Ile yenye rangi ya dawa isipikwe hata kidogo, hata ikioshwa mara kumi.

Kuna pia njia ya msaada kununua kwetu. Kati ya 2008 na 2013 PAM ilijaribu katika nchi 20 kununua mazao kwa vikundi vya wakulima wadogo, na Kabalo, kule Tanganyika, ilikuwa kati ya sehemu zilizochaguliwa hapa Congo. Ni kitu kizuri, lakini mnunuzi wa namna ile anataka mahindi makavu, safi, mengi, kwa siku moja na fasi moja. Koperative isiyo na depo haiwezi kumjibu, na njia mbaya inakula faida.

Mlango wa koperative

Sasa tuseme ukweli kati yetu. Yule masikini mpya niliyemweleza, anayelima kwa bwasa, mkimbizi aliyepewa pembe ya nyumba, mama aliyebaki na watoto baada ya bwana kwenda kwenye madini, mara nyingi si mwanamemba wa koperative. Tunamwambia alete part sosyale, na hana. Tunamwambia aonyeshe shamba, na hana. Kwenye vijiji vingine tunamwomba shefu amujue. Basi koperative inabaki na wale wenye udongo, na masikini tunamwachia ONG.

Sheria haituombi hivyo. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé mwezi wa 12 mwaka 2010 na inayofuatwa katika Congo tangu tulipoingia OHADA mwaka 2012, inataka watu wasiopungua 5 kwa koperative ndogo, wenye haja moja, na kila mtu awe na sauti moja. Haiulizi hati ya shamba. Kiasi cha part sosyale na namna ya kuilipa vinapangwa na wanamemba wenyewe katika statuti. Kwa hiyo mkutano mkuu unaweza kuruhusu ilipwe kidogo kidogo, kwa misimu miwili mitatu, na hata kwa kilo za maharagi.

Kazi ya kwanza ninayopendekeza ni depo ya mbegu, kwa sababu inagusa lile deni la mara mbili. Haihitaji nyumba kubwa. Kwenye mavuno, kila mwanamemba analeta mbegu iliyochaguliwa shambani kwenye mimea isiyo na ugonjwa, si ile iliyobaki chini ya sahani. Ukavu unapimwa hivi: chukueni chupa kavu, tieni chumvi kavu kidogo na mbegu, tingisheni. Chumvi ikishika kwenye chupa, mbegu bado mbichi, irudi kwenye jua. Ikiwa kavu inatiwa katika mfuko wa PICS, ule wenye plastiki mbili ndani, kila moja inafungwa peke yake na hewa ikiwa imetolewa. Vidudu vya maharagi vinakosa hewa na kufa. Asiye na PICS, bidon ya mafuta iliyooshwa na kukaushwa, ikajazwa mpaka juu na kufungwa sana, inafanya kazi ileile. Juma tatu mbele ya mvua, wekeni mbegu 100 katika kitambaa chenye maji. Siku ya 7 hesabuni zilizoota: zikiwa chini ya 80, mtapanda kwa wingi zaidi ao mtatafuta mbegu nyingine kungali mapema.

Aliyechukua kilo 14 arudishe 17. Kilo 3 zile zinafunika zinazopungua, zinazooza, na zinaongeza akiba ya kumkopesha mwanamemba mpya. Tofauti ya 17 na 28 ni kilo 11, na kwa jamaa yetu ya juu ni siku 7 za chakula bila kuomba mtu. Mbegu zisilale zote katika nyumba moja. Gawanyeni fasi mbili ao tatu, kwa wa mama wanaoaminika, kwani depo inayojulikana na kila mtu inaporwa ya kwanza.

Swali moja linabaki kwa komite, nalo lijibiwe mbele ya kugawa, si nyuma: mwanamemba akikimbia kabla ya kuvuna, deni lake linakuwa namna gani? Koperative zingine zinapenda kumwandikia alipe mara mbili akirudi. Mimi ninashauri lisongezwe mpaka msimu wa kwanza atakaovuna tena, kwa kilo zilezile 17, na jina lake lisifutwe kwenye kitabu. Andikeni jambo hili katika règlement ya ndani, lisomwe kwa sauti kwenye mkutano, kwa lugha ya kijiji, na yule anayelima kwa bwasa awe amekaa ndani anasikia.